Mwezi wa Pili wa Septemba

Jioni ya tarehe 29 Septemba 2024, mdogo wangu alikaa nje ya nyumba yetu, Dzaleka, akiungoja mwezi wa pili. Mimi ndiye niliyempa habari hiyo. Nilikuwa Lilongwe, nikaiona kwenye simu, nikamtumia bila kusoma zaidi ya kichwa chake. Usiku ule hata mwezi tuliouzoea haukuonekana mapema, kwa kuwa ulikuwa unaishilia na ulichomoza kuelekea alfajiri. Asubuhi akaniandikia: "Yaya, ulinidanganya." Mama naye aliuliza kwa nini watu wanazungumzia Februari.

Kilichotangazwa ni jiwe liitwalo 2024 PT5, lenye upana wa mita 10 hivi. Liligunduliwa tarehe 7 Agosti na darubini ya mradi wa ATLAS huko Sutherland, Afrika Kusini, barani kwetu, jambo ambalo habari niliyotuma haikulitaja. Kwa macho matupu haliwezi kuonekana kabisa. Kati ya 29 Septemba na 25 Novemba kasi yake kuielekea dunia ilipungua hata likahesabiwa kuwa limeshikwa na mvutano wetu, lakini halikumaliza hata mzunguko mmoja. Carlos de la Fuente Marcos, mmoja wa wataalamu walioandika juu yake, alilifananisha na mtu anayetazama bidhaa dirishani bila kuingia dukani.

Tamaa ya mwezi wa pili si ya jana. Mwaka 1846 Frédéric Petit wa Toulouse, Ufaransa, alitangaza kwamba dunia inao, na haukuthibitishwa kamwe. Miezi midogo ya kweli ilikuja baadaye: 2006 RH120 iliizunguka dunia hadi mwaka 2007 ikaondoka, na 2020 CD3 iligunduliwa Februari 2020 (mwezi wa pili kweli!) ikiwa tayari inatuzunguka. Kosa la vyombo vya habari, kwa maoni yangu, si kuongeza chumvi tu. Wanayapa mawe haya yote jina moja, kisha neno "la muda" wanalizika aya ya nne, ambako mtu kama mimi hafiki.

Dzaleka neno hilo tunalijua. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994, na mdogo wangu amezaliwa humo. Niliporudi nyumbani nilimweleza yote, pamoja na kwamba jiwe linatazamiwa kupita tena karibu nasi mwaka 2055. Akapiga hesabu: atakuwa na miaka 43. Kisha akauliza wakati huo tutalitafuta tukiwa wapi.