Pedi za breki: Zipi zinazolifaa gari la spoti?

BARABARA ya lami itokayo Kibwezi, Kaunti ya Makueni, na kupitia Mutomo, Kitui, Kabati na Migwani imebadilisha mwendo wa magari katika Ukambani. Mahali ambapo zamani dereva alilazimika kwenda polepole kwa sababu ya vumbi na makorongo, leo anaweza kulikaribia soko la Kabati, Kitui Magharibi, akiwa katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Mbele yake huwa kuna bodaboda, wachuuzi wanaovuka na mizigo, punda na mbuzi. Hapo kinachohitajika si nguvu za injini bali uwezo wa gari kusimama.

Kwa wamiliki wa magari ya spoti, suala hili lina uzito wa pekee. Magari kama Subaru Impreza WRX na Mitsubishi Lancer Evolution yalijipatia mashabiki wengi nchini kupitia mashindano ya Safari Rally, hasa baada ya Colin McRae kushinda kwa Impreza mwaka wa 1997 na Richard Burns mwaka wa 2000. Pamoja na mapenzi hayo, kumezuka dhana kwamba pedi za breki zinazotumiwa mashindanoni ndizo bora kwa kila gari la aina hiyo. Dhana hiyo ni potovu, na yaweza kuhatarisha maisha.

Kazi ya pedi

Breki hazimezi mwendo. Huugeuza kuwa joto. Pedi hubana diski inayozunguka pamoja na gurudumu, na msuguano ukazaa joto ambalo hutawanyika hewani. Gari lenye uzito wa kilo 1,300 likisimamishwa kutoka kilomita 100 kwa saa, breki zake hupokea joto linalokaribia kutosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji, tena kwa muda wa sekunde chache tu.

Ni muhimu kukumbuka kwamba joto hilo haliongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka maradufu, kwa mfano kutoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa, joto huongezeka mara nne. Anayefika sokoni kwa kilomita 140 kwa saa hudai kutoka kwa breki zake karibu mara mbili ya kile anachodai mwenzake aliye katika kilomita 100.

Kila aina ya pedi ina kiwango chake cha joto ambamo hufanya kazi vyema. Likizidi kiwango hicho, pedi hupoteza makali, na dereva hukanyaga kwa nguvu bila gari kupunguza mwendo ipasavyo. Hata hivyo, kasoro ya pili haizungumzwi sana: pedi ikiwa baridi kuliko inavyohitaji, nayo pia haishiki vizuri.

Aina kuu nne

Pedi za ogani hutengenezwa kwa mchanganyiko wa nyuzinyuzi, mpira na gundi. Ni laini, hazina kelele, na hushika vyema zikiwa baridi. Hata hivyo, huchakaa upesi na hushindwa mapema joto linapopanda. Zinalifaa gari dogo la familia, si gari la spoti.

Pedi zenye chuma kiasi huchanganywa na unga au nyuzi za chuma na shaba. Huvumilia joto kubwa zaidi, ingawa hutoa kelele kidogo, huchafua magurudumu kwa vumbi jeusi na hula diski kwa kasi zaidi.

Pedi za kauri hutoa vumbi kidogo, hazina kelele na hudumu. Zinafaa kwa safari za kila siku, lakini si zote zilizotengenezwa kuvumilia kufungwa kwa breki kwa nguvu mara nyingi mfululizo.

Pedi za mashindano, zikiwemo za metali iliyoshinikizwa, huweza kustahimili joto la nyuzi 600 na zaidi. Nyingi kati yake huhitaji kwanza kupashwa moto ndipo zishike sawasawa. Dereva wa mashindano hufunga breki kila baada ya sekunde chache, hivyo pedi zake hazipoi. Lakini anayetoka Migwani asubuhi huenda asikanyage breki kwa kilomita kadhaa. Mtoto anapochomoza barabarani pale Kabati, pedi hizo huwa bado baridi. Ndiyo maana pedi iliyo bora uwanjani yaweza kuwa mbaya zaidi sokoni.

Kwa gari la spoti linaloendeshwa katika barabara za kawaida, chaguo la busara ni pedi zenye chuma kiasi za daraja la juu, au za kauri zilizotengenezewa magari yenye nguvu, ambazo mtengenezaji ameeleza waziwazi kuwa hushika tangu zikiwa baridi.

Kusoma alama

Pedi nyingi huwa na herufi mbili zilizochapishwa ubavuni au mgongoni, kwa mfano EE, FF au GG. Mtindo huu ulitokana na Chama cha Wahandisi wa Magari cha Marekani (SAE). Herufi ya kwanza huonyesha msuguano wa pedi katika joto la wastani, na ya pili katika joto kali. Herufi E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi yenye FE, mathalani, hupungukiwa na nguvu inapopata moto. Kwa gari la spoti, inafaa kutafuta FF au zaidi. Hata hivyo, herufi hizi hazielezi ubora wa pedi wala muda itakaodumu.

Alama nyingine ya kutazamwa ni E iliyo ndani ya duara pamoja na nambari inayoanza kwa 90R. Hii humaanisha kuwa pedi imepimwa kwa kanuni za Ulaya, ambazo huitaka isitofautiane na ile ya awali ya gari kwa zaidi ya asilimia 15.

Gari moja, breki tofauti

Jina la gari pekee halitoshi dukani. Impreza WRX na WRX STI hufanana kwa umbo, ilhali matoleo mengi ya STI yana kalipa kubwa za Brembo ambazo pedi zake haziingii katika kalipa za WRX ya kawaida. Isitoshe, magari mengi yaliyoingizwa nchini kutoka Japani yakiwa yametumika hufika yakiwa yamebadilishwa vipuri. Mnunuzi anashauriwa kubeba nambari ya chesisi na, ikiwezekana, pedi kuukuu.

Waswahili husema rahisi huvunja upishi. Pedi ghushi huweza kubanduka kutoka kwenye bamba lake la chuma wakati breki zinapofungwa kwa ghafla. Kuuza bidhaa kama hizo ni kosa chini ya sheria ya mwaka wa 2008 ya kupambana na bidhaa ghushi. Mnunuzi akague maandishi ya pakiti, stika ya Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS), nambari zilizochapishwa kwenye bamba, na adai risiti.

Kufunga na kutunza

Pedi hubadilishwa kwa jozi: magurudumu yote mawili ya mbele, au yote mawili ya nyuma. Zinapofikia unene wa milimita tatu, wakati wa kuzibadilisha umewadia. Fundi apime pia unene wa diski, asafishe vumbi na kuzipaka grisi pini za kalipa, bila grisi hiyo kugusa uso wa pedi. Vumbi la breki lisipulizwe kwa hewa. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji, kwani pedi za zamani huenda zina asbesto, ambayo huleta saratani.

Mafuta ya breki nayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, kwa sababu hunyonya unyevu. Mafuta mapya ya DOT 4 huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini yakiisha kunyonya unyevu kiwango hicho chaweza kushuka hadi 155. Yakichemka, kikanyagio huzama hata kama pedi ni mpya na ghali.

Pedi mpya huhitaji kuzoeshwa. Katika barabara isiyo na msongamano, dereva apunguze mwendo kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa saa mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, kisha aendeshe kilomita kadhaa ili zipoe.

Kabla ya hayo yote, gari lingali gerejini, kikanyagio kikanyagwe mara kadhaa hadi kiwe kigumu. Fundi anapofunga pedi mpya huzirudisha nyuma pistoni za kalipa, hivyo mkanyago wa kwanza huwa mtupu. Dereva asiyelijua hilo huligundua akiwa tayari barabarani.