Kantonye alilipwa na nani?

Tukianza kuzungumza barabara za Kongo, kila mtu anakimbilia lami. Leo tuache lami kando. Nchi yetu inahesabu kilometa 152 400 za barabara, na ndani yake 86 871 ni zile za kutoka mashambani. Karibu zote ni udongo. Kule njo muhogo, mahindi na mawese inapita, ao inaozea.

Barabara ya udongo haiuawi na camion peke yake, inauawa na maji. Inaomba mgongo katikati, mitaro pande mbili, na mtu mwenye jembe wa kufungua ile mitaro mbele ya mvua. Mtu huyo njo kantonye. Kwa mimi, historia ya barabara zetu ni historia ya namna kantonye alilipwa, ao hakulipwa.

Wakati wa Wabelgiji hesabu ilikuwa nyepesi: mzigo ulikuwa juu ya kichwa cha mwanakijiji. Vijiji vingi vilihamishwa, vikapangwa kando ya barabara, na watu wake wakaambiwa waichunge. Tangu 1917 kulikuwa tena kilimo cha lazima, zaidi pamba, siku 60 kwa mwaka. Mu 1942, juu ya vita, zikapandishwa mpaka 120. Camion ilifuata pamba, barabara ikafuata camion. Wazee wakisema barabara zilikuwa safi, hawadanganyi. Lakini kijana mwenye kurudilia kwamba « Mubelgiji alijua kazi » anaruka ukurasa mmoja: ule wa fimbo ya ngozi ya kiboko.

Kisha uhuru, na uasi wa 1964 wenye ulivunja madaraja na kuzamisha vivuko. Mu 1971 serikali ikaunda Office des Routes. Wazo lilikuwa zuri: kazi ya barabara iwe ya wafundi na mashine, si ya fimbo. Bahati mbaya, mwisho wa 1973 zairianisation ikavunja biashara ya wale wenye kununua mazao vijijini, na mu 1974 bei ya shaba ikaanguka. Serikali ikakosa dola za kununua pièces na mazutu. Mashine zikasimama. Mobutu akaleta Salongo, kazi ya bure ya wote. Kwa mzee mwenye alilima pamba ya lazima, ile haikuwa kitu kipya, ilikuwa jina jipya tu. Vita vya 1996 na 1998 vilikuta barabara nyingi zimekwisha kufa zamani.

Mwaka wenye unanishangaza zaidi ni 2008, juu mambo mawili yalitokea pamoja. Ya kwanza, mkataba na Wachina wa Sicomines, wenye baadaye uliahidi dola miliari 3 za miundombinu kwa kubadilishana na shaba na cobalt. Watu wote waliuzungumza. Ya pili, sheria ya mwezi wa 7 yenye iliunda FONER, mfuko wa kutunza barabara, wenye kukata kitu kidogo kwa kila litre ya esanse na mazutu. Hiyo haikupigiwa ngoma. Kumbe njo ilikuwa jibu la kweli: sheria ilisema kantonye atalipwa na mwenye kutembeza gari, si na mgongo wake mwenyewe.

Sasa hesabu, ni yangu mwenyewe, ya kalamu na karatasi. Tuweke kantonye mmoja kwa kila kilometa 2 ya zile 86 871: ni watu kama 43 400. Tumpe kila mmoja dola 50 kwa mwezi. Inafika dola miliyoni 26 kwa mwaka. Kutengeneza kwanza zenye zimekufa kutagharimu mbali zaidi ya pale, sikatae, na majembe na wakubwa wa kazi havimo. Lakini miliyoni 26 haifiki hata 1 % ya ahadi ile ya Sicomines. Na pesa hiyo motari anaitoa tayari kila mara anajaza tanki, hata kama barabara ya kwao haijaona jembe.

Mwenye bado anatafuta sujet ya mémoire: chukua kilometa 10 za barabara ya kwenu, hesabu mitaro yenye ingali wazi, kisha uende kuuliza ku chefferie kantonye wa mwisho alilipwa mwaka gani, na nani alisaini.