Mbiu, baragumu na kile kipaza sauti chetu

Niko likizo nyumbani, Ng'ambo, Tabora. Asubuhi gari la matangazo limenitoa kitandani, bibi akasema, "Sikiliza, mbiu hiyo." Mimi nilisikia spika tu. Neno lake limenikaa kichwani siku nzima.

Hebu tulitazame. Kipaza sauti ni kitu kinachofanya sauti ipae, basi. Ndiyo maana maiki ya mhadhiri tunaiita hivyo, spika la msikitini hivyo hivyo, na kile cha mkononi cha siku za mgomo pia. Mbiu ni ya zamani zaidi, ni pembe ya kuita watu. Mgambo nao ulikuwa wito wenyewe, kabla ya kuwa jina la wale jamaa wanaokimbiwa na wamachinga. Ndiyo wazee wakasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo.

Sasa njoo kwenye njia ya misafara. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora hii hii, Novemba 1857, misafara ilikuwa na kirangozi mbele, na baragumu, pembe ya mnyama, ikilia watu wajitwike mizigo. Lakini wapagazi wakiwa na ugomvi na posho walikaa chini, na safari ikaishia hapo. Pembe ilikuwa na sauti, wao walikuwa na mabega.

Ruka mpaka Januari 1958. TANU wanakutana Tabora: waingie uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mtu achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, au wasusie? Wengi walitaka kususia. Nyerere, ambaye 1957 serikali ilimzuia kuhutubia mikutano ya hadhara, akawageuza kwa hoja mle mle mkutanoni. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuanzisha ANC. TANU waliingia uchaguzi na wakashinda.

Hapo ndipo nilipojisikia vibaya kidogo. Sisi chuoni aliyeshika kipaza sauti tunamfuata kabla hajamaliza sentensi. Mgomo uliopita nami nilikuwa mstari wa mbele nikipiga kelele, na mpaka leo ukiniuliza tulidai nini, najiumauma.

Nilimwambia bibi, akacheka. "Mbiu inakuita uje usikie, mjukuu wangu. Kukubali ni juu yako."

Haya, chai iko tayari. Tukirudi chuo, kabla hatujaimba, naomba mtu anisomee madai kwanza.