Watawa wa Kibudha walivyolea utabibu wa kale wa Bara Hindi

TABIBU wa zama za kale katika Bara Hindi alihitajika na kila mtu, ila hakualikwa karamuni.

Sheria za Manu, ambazo ziliongoza maisha ya Wahindu tangu takriban miaka 2,000 iliyopita, zilimkataza Brahmani kula chakula cha tabibu. Ziliagiza pia kwamba matabibu wasihudhurie sadaka za kuwakumbuka wazee waliofariki. Tatizo lilikuwa unajisi: kazi ya mtu huyo ilimgusanisha na damu, usaha na maiti, na mgonjwa wake angeweza kuwa wa tabaka lolote.

Mwanahistoria Kenneth Zysk, katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1991, alishikilia kuwa dharau hiyo ndiyo iliyowasukuma matabibu kwa watu waliokuwa wameupa kisogo utaratibu wa Mabrahmani, wakiwemo wafuasi wa Budha. Si wataalamu wote wanaoikubali hoja hiyo kikamilifu. Hata hivyo, ushahidi kwamba watawa wa Kibudha walijishughulisha na tiba ni mwingi.

Kanuni za utawa wao, ziitwazo Vinaya, zina sura nzima kuhusu dawa. Mtawa hakuruhusiwa kula baada ya adhuhuri, lakini aliyeugua aliruhusiwa vitu vitano hata nje ya wakati huo: samli, siagi, mafuta, asali na sukari guru. Orodha hiyo ilirefushwa baadaye kwa mizizi kama vile tangawizi na manjano, pamoja na matunda, utomvu na chumvi. Majani ya mwarobaini, mti wenye asili yake pande hizo na ambao Waswahili waliupa jina kwa kuaminika kutibu maradhi arobaini, yamo pia.

Inasimuliwa humo kwamba Budha alimkuta mtawa aliyekuwa akihara amelala katika uchafu wake, wenzake wakiwa wamemtelekeza. Yeye na mwanafunzi wake Ananda walimwosha na kumlaza kitandani. Kisha aliwakumbusha watawa kwamba walikuwa wameacha baba na mama nyumbani, na kwamba wasipouguzana wao kwa wao hakuna atakayewauguza.

Muuguzi bora, kwa mujibu wa kanuni hizo, ni yule anayejua kuandaa dawa, anayefahamu kinachomfaa mgonjwa na kinachomdhuru, asiyesukumwa na tamaa, asiyechukizwa na mkojo, kinyesi wala matapishi, na anayeweza kumliwaza mgonjwa. Mgonjwa naye ana wajibu wake, ukiwemo kunywa dawa na kueleza ukweli kuhusu maumivu yake. Wauguzi wa leo hawatapata shida kuyatambua masharti hayo.

Humo humo anatajwa Jivaka, tabibu wa Mfalme Bimbisara aliyewatibu pia watawa. Yasemekana alisomea Taxila kwa miaka saba, na mtihani wake ulikuwa kuzunguka mji huo akitafuta mmea usiofaa kuwa dawa. Alirudi mikono mitupu, na mwalimu wake akamwambia amehitimu. Sifa zake zilizua tatizo: wagonjwa walianza kuingia utawani ili watibiwe naye, kisha wakipona wanarejea makwao. Ndipo ikapigwa marufuku kuwapokea wenye maradhi matano, yakiwemo ukoma na kifafa.

Katika karne ya 3 KK, Mfalme Ashoka, aliyefuata dini ya Budha, aliamuru ichongwe kwenye miamba habari kwamba ameweka tiba ya binadamu na tiba ya wanyama, na kwamba mimea ya dawa imeletwa na kupandwa mahali ilipokosekana.

Vitabu vikuu vya taaluma yenyewe, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, vilikusanywa na kuongezewa kwa karne kadhaa, kabla na baada ya Kristo. Msingi wake ni vitu vitatu mwilini, yaani upepo, nyongo na balghamu, ambavyo vikikosa kulingana mtu huugua. Nadharia hiyo haikubaliki katika sayansi ya leo. Kilicho na uzito zaidi ni yale ambayo matabibu hao waliyaona kwa macho na kuyafanya kwa mikono.

Waliona, mathalani, kwamba mkojo wa wagonjwa fulani ni mtamu na huvutia sisimizi. Leo ugonjwa huo ni kisukari. Sushruta anamtaka mwanafunzi wa upasuaji ajizoeze kwanza kukata matikiti na maboyo, na kutoboa mishipa ya wanyama waliokufa. Ili aujue mwili, maiti ifungwe kwa nyasi, iwekwe ndani ya tundu katika maji yatiririkayo kwa siku saba, kisha isuguliwe taratibu kwa burashi hadi kila tabaka lionekane. Njia hiyo ilimwezesha kuona viungo vya ndani bila kisu.

Kitabu hicho kinaeleza pia namna ya kuunda pua upya kwa ngozi ya shavu. Mnamo 1794 jarida la Gentleman's Magazine la London lilisimulia jinsi mtu mmoja karibu na Pune, wa tabaka la wafyatua matofali, alivyomtengenezea mwenzake pua kwa ngozi ya paji la uso. Daktari Joseph Carpue aliisoma habari hiyo na mwaka wa 1814 akafanya upasuaji kama huo jijini London.

Elimu hiyo ilisafiri mapema pia. Muswada wa magome ya mti ulionunuliwa na afisa Mwingereza Hamilton Bower mwaka wa 1890 huko Kucha, magharibi mwa Uchina ya leo, una maandishi ya tiba ya Kihindi, mojawapo likisifu kitunguu saumu. Mjini Baghdad, Sushruta alifasiriwa kwa Kiarabu kwa agizo la Yahya bin Khalid al-Barmaki, waziri ambaye wazee wake walikuwa wasimamizi wa hekalu la Kibudha la Nawbahar, mjini Balkh.

Baadhi ya dawa hizo zimepita mtihani wa maabara. Mwaka wa 1949 Rustom Jal Vakil, daktari wa Bombay, alichapisha matokeo ya kutibu shinikizo la damu kwa mzizi wa Rauwolfia, unaotumiwa na waganga wa India tangu jadi. Miaka mitatu baadaye dawa ya reserpini ilipatikana humo.

Nyingine zimeanguka. Mwaka wa 2004 watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani katika eneo la Boston, Marekani, na 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mara nyingine madini hayo hutiwa makusudi, yakiwa yamechomwa na kusagwa. Mtindo huo ulishamiri karne nyingi baada ya Charaka, ingawa dawa zake huuzwa kwa sifa ya ukale ule ule.