Siku 120: Wanavyuoni Walisemaje Kuhusu Kutoa Mimba



Leo sizungumzii shela wala piko. Nina jambo limenikaa moyoni mwaka wa tatu sasa, nimeona nilitoe.

Biharusi mmoja alikuja dukani kwangu kujaribu gauni, harusi imebaki wiki mbili. Vipimo nilivichukua mwenyewe mwezi na nusu nyuma. Nikamvalisha, zipu ikagoma. Nikapitisha tepu kiunoni, kimezidi inchi mbili na nusu. Sisi mafundi hatuulizi, lakini macho yanaona. Akakaa chini na gauni lake, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Dada, si wanasema kabla ya siku 120 bado hajatiwa roho? Basi si dhambi, eti?"

Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, kisha nikaenda kujifunza kushona. Msahafu nimehitimu, lakini swali kama lile sikuwahi kulisikia likijibiwa, si chuoni, si unyagoni. Nikamwambia, "Mungu atakusahilishia," nikafumua mishono ya ubavuni nikalitanua gauni. Basi. Siku ya nne mama yake akanipigia simu, mwanawe kalazwa, anatoka damu. Alikunywa vidonge alivyopewa na mtu wa mtaani. Alikaa na damu siku mbili chumbani kwa kuogopa kwamba hospitali watamshitaki.

Alhamdulillah, alipona. Gauni nililolitanua nikalipunguza tena. Mwenyewe ameniruhusu niandike, na nimebadilisha yote ya kumtambulisha.

Tangu siku ile nimekuwa nikimuuliza ustadhati wetu wa darsa na kusoma ninachokiweza. Nimekuta kwamba swali la yule biharusi lina miaka zaidi ya elfu moja, na wakubwa wa dini walilijibu bila kuona haya. Nawaletea niliyoyapata. Fat-wa si kazi yangu. Mwenye jambo lake na amwendee mwanachuoni na daktari.

Tuanze na hizo siku 120. Sura ya Al-Muuminuun, aya ya 12 hadi ya 14, inaeleza mtu anavyoumbwa hatua kwa hatua: tone, kisha pande la damu, kisha pande la nyama, kisha mifupa ikavishwa nyama, kisha akawa kiumbe kingine. Hadithi ya Ibn Mas'ud, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, inataja siku 40, kisha mfano wake, kisha mfano wake, ndipo malaika anapotumwa kupuliza roho. Arubaini mara tatu ni 120, yaani miezi minne. Lakini katika Sahihi Muslim mna hadithi nyingine inayotaja malaika kuja baada ya siku 42. Ndiyo maana utasikia wengine wanahesabu 40 na wengine 120.

Hadithi hizo zinaeleza uumbaji. Hazisemi kwamba kabla ya siku hizo kila mtu afanye atakavyo. Hilo la ruhusa au katazo wanavyuoni walilitafuta kwa kuziunganisha dalili, na hapo ndipo walipokhitilafiana.

Dalili moja kubwa ni kisa cha wanawake wawili wa kabila la Hudhayl. Waligombana, mmoja akampiga mwenzake kwa jiwe, mtoto wa tumboni akafa. Mtume (s.a.w.) akahukumu ilipwe ghurra, fidia ambayo mafakihi waliikadiria kuwa ngamia 5, wakati diya ya mtu kamili ni ngamia 100. Tazama hapo. Kilicho tumboni kina thamani, aliyekiharibu analipa. Lakini fidia yake si sawa na ya mtu aliyekwisha kuzaliwa. Mambo hayo mawili ndiyo mizani waliyoishika wanavyuoni wote waliokuja baadaye.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa wa madhehebu yetu ya Shafii. Katika Ihya, kwenye mlango wa adabu za ndoa, amelieleza kwa mfano ambao sisi wa mambo ya harusi tutauelewa upesi. Anasema maji ya mume na ya mke ni kama ijabu na kabuli. Walii akishasema "nimekuoza", kabla mume hajajibu, anaweza kurudi nyuma na hakuna mkataba uliovunjika. Ndiyo maana Ghazali aliruhusu azli, yaani mume kumwaga nje. Lakini kabuli ikishatamkwa, kurudi nyuma ni kuvunja. Kwake yeye, mimba ikishaingia kuiharibu ni jinai, na jinai hiyo inazidi ukubwa kila hatua: pande la damu ni zaidi ya tone, aliyetiwa roho ni zaidi, na aliyezaliwa hai ni zaidi ya wote.

Sasa wengine. Wamaliki wengi ni wakali, wanakataza hata kabla ya siku 40. Mahambali wapo walioruhusu ndani ya siku 40. Mahanafi wengi walikuwa wapole zaidi kabla ya siku 120, lakini wakubwa wao walitaka pawe na udhuru. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, ametaja udhuru mmoja ulionitoa machozi: mama ananyonyesha, akapata mimba, maziwa yakakatika, na baba hana uwezo wa kuajiri mnyonyeshaji, ikahofiwa yule mchanga aliye mkononi atakufa. Mwanachuoni mwenye kilemba chake kakaa kufikiri maziwa ya mwanamke maskini! Tena sisi tunadhani mambo haya hayaandikiki.

Na sisi Mashafii wa pwani? Vitabu ambavyo masheikh wetu wanavirudia sana ni vya Ibn Hajar al-Haytami na Shamsuddin ar-Ramli, wote wa karne ya 16. Na hawa wawili hawakukubaliana. Ibn Hajar aliegemea uharamu hata kabla ya roho. Ramli akaona haramu isiyo na shaka ni baada ya roho, na kabla yake mna nafasi. Kwa hiyo anayekwambia "dini inasema hivi tu" hajakwambia yote, na anayekwambia "kabla ya miezi minne hapana neno" pia hajakwambia yote.

Je, ikiwa mama mwenyewe anakufa? Matabibu wa Kiislamu walilijua hilo zamani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha tiba cha Qanun anaeleza kwamba huenda ikalazimu kuitoa mimba pale mwanamke ni mdogo wa umri na umbile, ikahofiwa kuzaa kutamuua. Mafakihi wa zamani waliogopa kumuua mmoja kwa ajili ya mwingine baada ya roho kuingia, kwa sababu hatari ya mama kwao ilikuwa dhana tu, hakukuwa na vipimo. Siku hizi daktari anaona. Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa al-Azhar kuanzia 1958 hadi alipofariki 1963, alifafanua kwamba ikithibitika kuwa kubaki kwa mimba kutamuua mama, mimba itatolewa, hata baada ya miezi minne. Hoja yake ni kwamba mama ndiye shina na mtoto ni tawi. Mama ana uhai wake uliokwisha kutulia, ana haki zake na wajibu wake, na huenda ana watoto wengine. Hukati shina ili tawi libaki, maana hata hilo tawi litakauka.

Swali jingine ni la mtoto mwenye kasoro kubwa. Mwaka 1990 Baraza la Fiqhi la Rabita, lililokutana Makka, liliamua kwamba ikithibitishwa na madaktari bingwa waaminifu, kwa vipimo, kwamba mtoto ana kasoro mbaya isiyotibika na maisha yake yatakuwa ya mateso, inafaa kuitoa mimba kabla ya siku 120 wazazi wakitaka. Baada ya hapo haifai, ila kwa hatari ya maisha ya mama.

Na aliyebakwa? Hapa ikhtilafu ingali hai. Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi wa al-Azhar, aliyefariki 2010, aliunga mkono mwanamke aliyebakwa aruhusiwe kuitoa, na wapo wakubwa wenzake Misri waliompinga. Wanaoruhusu wengi wao hawavuki siku 120. Wanaokataza wanasema mtoto hana kosa. Zote mbili ni hoja za watu wanaomcha Mungu, wala si vyema kumtupia maneno dada aliyefikwa na jambo hilo akafuata fat-wa ya mwanachuoni wake.

Sheria ya serikali ilikuja kwa njia nyingine. Zanzibar ilipoingia chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890, baadaye zikaanza kutumika hapa sheria za India. Kanuni ya adhabu ya India ya mwaka 1860 ilifanya kutoa mimba kuwa kosa, ila kwa nia njema ya kuokoa maisha ya mwanamke. Mwaka 1938 huko London, daktari Aleck Bourne alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na askari, kisha akajipeleka mwenyewe kushitakiwa. Jaji akawaambia wazee wa baraza kwamba kuokoa maisha kunaingia pia kumwokoa mtu asiharibikiwe mwili na akili. Akaachiwa. Sheria tulizonazo Tanzania zimebeba urithi huo: kosa lipo, na mlango uliopo ni kuokoa maisha ya mama.

Lakini ipo sheria yetu wenyewe ambayo wasichana wengi wa leo hawaijui. Mwaka 1985 Zanzibar ilipitisha sheria ambayo mwanamke asiye na mume akipata mimba aliweza kufungwa jela hadi miaka 2. Ilikusudiwa kulinda heshima. Fikiria msichana wa wakati ule: mimba ikionekana, jela, na ikitolewa kwa siri hakuna aliyejua. Mwaka 2005 sheria hiyo ikabadilishwa, kifungo kikaondolewa, ikawekwa adhabu ya kutumikia jamii. Kwenye karatasi kifungo hakipo tena. Kwenye midomo yetu kipo.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Nyudhuru walizozijadili wanavyuoni miaka yote hiyo nimezitaja: uhai wa mama, maziwa ya mchanga, ugonjwa, kasoro, kubakwa. Katika niliyoyasoma sikuona aliyeihesabu aibu ya watu kuwa dharura sawa na hizo. Suratul Israa aya ya 31 inakataza kuua watoto hata kwa kuogopa umaskini, sembuse kwa kuogopa majirani. Kwa hiyo jibu ambalo yule biharusi alistahili kulipata kwangu siku ile ni: hapana mdogo wangu, siku 120 si ruhusa ya kufichia, na vidonge vya mtaani vitakuua.

Ila jibu haliishii hapo, na kosa letu ni kuliishia hapo. Imo katika Sahihi Muslim hadithi ya mwanamke wa Juhayna aliyemjia Mtume (s.a.w.) na mimba ya zinaa, akakiri mwenyewe. Adhabu yake ilikuwa inajulikana. Lakini Mtume alimwita walii wake kwanza, akamwamrisha amfanyie ihsani mpaka ajifungue. Hakusema wamfungie ndani wala wamfukuze. Mimba ile ililindwa kwa kulindwa mama yake. Sasa jiulizeni, sisi tunaosema tunachukia kutoa mimba, ni walii gani wetu anafanya ihsani? Mimba tunaipigia kelele ikishatoka, ikiwa tumboni tunamsimanga aliyeibeba.

Yule biharusi mchumba wake ndiye mwenye mimba. Wangekwenda kwa kadhi au kwa sheikh wao, wakatubu, wakauliza hukumu ya ndoa yao na ya nasaba ya mtoto, wangeelekezwa. Pengine harusi isingekuwa kubwa, pengine gauni lisingekuwa lile. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa na kungwi wa kumfundisha singo na mambo ya chumbani, na fundi wa kumpima kiuno, na sote tukanyamaza.

Dada zangu, nawaombeni matatu. Mwenye kutoka damu, iwe mimba imeharibika yenyewe au imetolewa, apelekwe hospitali saa ile ile. Kutibiwa si kosa, na kuokoa nafsi ni wajibu. Mwenye mimba ambayo daktari kasema ni hatari, asimwachie mtu mwingine aamue kwa niaba yake bila elimu. Aende na mumewe kwa daktari na kwa mwanachuoni, wayaweke maneno ya wote wawili pamoja. Na mwenye binti au mdogo wake aliyeteleza, amfanyie ihsani kama alivyoamrishwa yule walii.

Siku hizi biharusi akija dukani zipu ikagoma, nafunga mlango, nampa maji, namwambia akae. Naanza mimi kuuliza. Gauni linaweza kungoja.

Allah atusitiri na atusamehe. Aamiin.