Habari za Watoto Wenye Usonji na Mafundisho Yao

Katika kitabu hiki cha Yubilei wengine wameandika habari za makanisa, shule na visima. Mimi nimepewa ukurasa huu niandike habari za watoto wasioonekana kabisa katika madaftari yetu ya zamani.

Mafundisho ya watu wenye ulemavu katika nchi yetu yalianza kwa vipofu. Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana liliwafungulia shule Buigiri, katika nchi ya Dodoma. Viziwi walingoja hata mwaka 1963, Kanisa Katoliki lilipowafungulia yao Tabora. Wenye ulemavu wa akili wakangoja tena, hata 1982. Wenye usonji walikuja nyuma ya hao wote, na sababu yake si ngumu: kipofu huonekana, kiziwi hujulikana upesi, bali mtoto huyu ana macho, ana masikio, ana viungo vyote. Basi watu husema ni mkaidi, au amelogwa, au mama yake hakumlea vema.

Wala tusijidharau sisi peke yetu. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Baltimore katika Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii; na kwa miaka mingi baadaye waganga wengi wenye elimu waliwashitaki wazazi, hasa mama, ya kuwa mioyo yao ni baridi. Neno hilo limekwisha kukanushwa. Usonji ni hali ya ubongo, mtoto huzaliwa nayo, hauambukizi.

Mwaka 1998 shule ya tiba kwa vitendo ilifunguliwa katika hospitali ya KCMC, Moshi. Kabla ya hapo, aliyetaka kazi hiyo alikwenda kuisomea nchi nyingine. Kazi yenyewe hutazamwa kama mchezo. Kuvaa shati hugawanywa katika hatua ndogo ndogo: leo mkono mmoja, kifungo kimoja juma lijalo. Mambo ya siku huchorwa kwa picha na kupangwa kwa taratibu, ili mtoto ajue kinachokuja. Tena huchunguzwa ni sauti gani, nguo gani au mwanga gani unaomtesa.

Hili la sauti nalijua kwa aibu. Hapa Mkwajuni makarasha ya dhahabu hunguruma mchana kutwa. Mtoto mmoja wa darasa langu la mafundisho alikuwa akiziba masikio na kupiga kelele kila ngoma ya kwaya ilipoanza. Nikamtoa nje mara tatu; mara ya nne nikamwambia mama yake asimlete tena. Akaondoka asijibu neno. Baada ya miezi saba alirudi, amefundishwa na mtaalamu, akasema, “Mwalimu, shikamoo. Si ukaidi. Ngoma inamwuma kama inavyokuuma wewe jino.”

Tukakubaliana aje nusu saa kabla ya wenzake, akae karibu na mlango, nami nimwonyeshe picha badala ya kumhubiria. Sala ya Baba Yetu aliishika kwa majuma kumi na moja, kipande kwa kipande. Ngoma ikianza, yeye hutoka mwenyewe, hukaa chini ya mkwaju, na ikinyamaza hurudi mahali pake pasipo kuitwa.