Baa zilizogeuka mikahawa: sosej moja, chupa nane

Wasee, kuna historia ya juzi tu na tumeshaanza kuisahau.

Machi 13, 2020, waziri wa afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya. Kabla mwezi uishe, baa zote zilikuwa zimefungwa, hoteli zinauza chakula cha kubeba tu, na kafyu inaanza saa moja jioni.

Mwisho wa Aprili mikahawa ikaruhusiwa kufungua kwa masharti: wafanyakazi wapimwe korona, meza ziachane. Baa? Bado. Hapo ndio Mkenya alitumia akili. Kama mkahawa ni sawa na baa ni makosa, basi kuanzia leo hii ni mkahawa. Sosej moja katikati ya meza, chupa nane zimeizunguka. Na hiyo sosej hakuna mtu anaigusa.

Tulicheka sana. Lakini Julai 27, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku pombe kwenye mikahawa yote kwa siku 30. Aliyefuata masharti na aliyeyachezea wakaumia pamoja. Baa zilifunguliwa mwisho wa Septemba. Machi 2021 zikafungwa tena Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Kafyu yenyewe iliondolewa Oktoba 20, 2021.

Watu wazima hupenda kusema, "Wakenya hawasikii." Mimi nakataa. Weita analipwa kwa siku. Ukifunga baa bila kumpa kitu, lendilodi bado atagonga mlango tarehe tano. Halafu usiku karao wanachapa watu juu ya kafyu, mchana wanasiasa wanajaza watu kwa mikutano. Ni nani ataamini sheria kama hiyo?

Lakini pia tuambiane ukweli: korona haisomi leseni. Ukiandika "mkahawa" mlangoni, hewa ya ndani haibadiliki. Na mtu wa kwanza kuivuta ni huyo huyo weita, anayezunguka meza hadi meza, akiinama asikie oda ya mlevi asiye na maski. Ile sosej ilidanganya polisi, haikumkinga yeye.

Kwa hivyo siku ugonjwa mwingine ukija, serikali ianze na weita: mlipe akae nyumbani, au mpe mahali salama pa kufanyia kazi. Ndio umwambie mteja avae maski. Na sisi wateja, tukiambiwa meza ziachane, tuziachanishe bila kungoja karao. Huyo anayekuletea bia ana watu wanamngoja nyumbani.